Msinichoree Tena Kompyuta Ubaoni

Mdogo wangu yuko kidato cha tatu na anachora vizuri. Likizo iliyopita alikuja kwangu Nairobi, chumba kimoja cha kupanga, akatandaza daftari lake la somo la Kompyuta kitandani na kunionyesha kurasa mbili anazojivunia. Skrini ameipiga kwa rula. Kibodi ina vitufe vyote, hata vile vidogo vya juu ambavyo hakuna anayevitumia. Kando kuna kasha refu lililosimama, na kutoka kwenye kasha hilo unatoka mshale ulionyooka kabisa, na mwisho wa mshale kuna herufi tatu: CPU. Mwalimu ametia alama nyekundu. Kumi kwa kumi.

Kasha lile si CPU. CPU ni prosesa, kipande bapa kisichozidi ukubwa wa biskuti, na hukaa ndani ya kasha, juu ya madabodi, chini ya feni. Kuliita kasha zima CPU ni kama kuelekeza kidole kwenye nyumba na kusema huyo ndiye mama. Nilimwambia hivyo. Akaniangalia kwa ile huruma ambayo watoto wa shule huwa nayo kwa watu walioacha shule.

Simlaumu. Mwalimu wake pia simlaumu, nitamrudia baadaye. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo hivyo, na nikaamini hivyo hivyo mpaka nikatimiza miaka ishirini na moja, tayari nikiwa nimemaliza karibu miaka miwili ya shahada ya sayansi ya kompyuta. Nataka tulizungumzie hilo bila kuoneana haya. Kenya tunafundisha kompyuta vile watu wanavyofundisha kuogelea wakiwa wamesimama mbali na maji, halafu tunawashangaa vijana wanaozama.

Maabara ya kompyuta ya shule yetu ya upili ilikuwa mahali patakatifu. Ulivua viatu mlangoni, kwa sababu ya vumbi, tuliambiwa. Madirisha yalikuwa na vyuma na mapazia mazito. Kila mashine ilivishwa kitambaa kilichoshonwa kwa kipimo chake, kama kiti cha sebuleni cha shangazi. Tulikuwa wanne kwa kompyuta moja: mmoja ameshika kipanya, watatu wameshika pumzi. Mashine ikizima katikati ya somo hakuna aliyeruhusiwa hata kuinama kuangalia kama waya umechomoka. Mwalimu alibandika karatasi iliyoandikwa MBOVU, na kuanzia siku hiyo tukawa watano kwa kompyuta moja.

Badala ya kugusa, tulikariri. Tulikariri vizazi vya kompyuta kama ukoo wa manabii. Charles Babbage. ENIAC, 1946, valvu karibu 18,000. Ninaijua mpaka leo, ukiniamsha usiku nitaitaja. Miaka yote niliyokaa kwenye meza ya ukarabati sijawahi kuletewa ENIAC.

(Kwenye somo la Kiswahili tulikuwa tukikariri pia: tarakilishi, kipakatalishi. Maneno mazuri, siyapigi vita. Lakini nenda barabara ya Luthuli ukaulize wapi wanatengeneza vipakatalishi uone utakavyoangaliwa. Hata neno tulilipewa likiwa kwenye kabati.)

Halafu chuo. Ni chuo kikuu kimoja cha umma ambacho sikitaji jina kwa sababu bado nina deni lao. Tulikuwa na somo la usanifu wa kompyuta, na ratiba ilisema wazi kwamba lina saa za vitendo. Vitendo vyenyewe ilikuwa karatasi. Juu yake kulikuwa na picha ya madabodi iliyotolewa kopi, na kopi ya kopi, mpaka ikawa doa jeusi lenye mistari. Chini yake, maelekezo kumi na mawili. Tulitakiwa kuandika ripoti. Niliandika, nakumbuka sentensi ya kwanza: "Tulifungua kasha kwa uangalifu mkubwa." Hatukufungua kitu. Darasa zima, watu zaidi ya mia, tuliandika kwamba tulifungua, na mhadhiri akasahihisha akijua kwamba hatukufungua, na sisi tukijua kwamba anajua. Sote tulifaulu. Nikiambiwa vijana wa nchi hii wanadanganya kwenye mitihani huwa nakumbuka ile sentensi, na mtu mzima aliyeitia alama.

Niliacha chuo kwa sababu ya karo. Nalisema mapema kwa sababu kuna aina ya makala ambayo mwandishi wake huacha chuo kwa msimamo, akitazama mbele kama sanamu. Mimi nilikosa kadi ya mtihani, basi. Wiki chache baadaye laptopu yangu, moja ya zile za mtumba kutoka Uingereza tunazoziita ex-UK, ikakataa kuwaka. Hiyo laptopu ndiyo iliyokuwa inanilisha, nilikuwa nimeanza kuandikia watu makala za kulipwa. Nikaipeleka Luthuli, ghorofa ya pili, kwenye kibanda cha fundi mmoja mama wa makamo ambaye vijana wote pale walimwita Mathe. Aliitengeneza kwa dakika arobaini. Akataja bei. Sikuwa nayo. Akaniangalia, akauliza ninafanya nini maishani, nikasema nilikuwa chuo, kompyuta. Akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Basi Chuo," akasema, "utalipa kwa kazi."

Nilipaswa kukaa wiki moja. Nilikaa zaidi ya mwaka.

Acha nieleze siku moja tu, maana ndiyo siku niliyojifunza kompyuta. Mteja alikuwa ameleta laptopu yenye bawaba iliyovunjika. Kazi rahisi. Nikafungua, nikachomoa waya wa skrini, nikabadilisha bawaba, nikarudisha waya. Kosa langu ni kwamba sikuanza na betri. Betri ilikuwa bado imeunganishwa wakati nachomeka ule waya, na plagi ikaingia upande upande kidogo. Sikusikia kitu wala sikuona cheche. Nikawasha: feni inazunguka, taa ya chaja inawaka, skrini giza totoro.

Moyo ulinishuka. Laptopu ya mtu, na mimi sina hata nauli ya kesho. Nilidhani nimeua bodi nzima. Mathe hakupiga kelele. Alinipa tochi ya simu. "Mulika skrini." Nikamulika kwa karibu, kwa pembe, na pale ndani kabisa, kama kitu kilicho chini ya maji, nikaona picha. Aikoni, saa, kila kitu, lakini hafifu.

"Unaona nini?"

"Picha iko."

"Kwa hivyo nini haiko?"

Nikafikiri. "Taa. Taa ya nyuma ya skrini."

"Sasa niambie. Moto wa hiyo taa unatoka wapi, unapitia wapi?"

Nilikuwa nimesoma sakiti chuoni. Nilikuwa nimepata alama nzuri. Lakini sikuwahi kuulizwa swali hilo na mtu anayehitaji jibu. Alinishikisha mita, akaiweka kwenye kile kipimo kinacholia njia ikiwa nzima, akaondoa betri, akaniambia nifuate njia kwa ncha mbili, kidogo kidogo, kutoka kwenye plagi ya skrini kurudi nyuma. Mita ililia, ikalia, halafu ikanyamaza. Pale iliponyamaza kulikuwa na kitu kidogo kama punje ya simsim. Fyuzi. Ilikuwa imekufa ili sehemu nyingine zisife, na ndiyo kazi iliyoumbiwa.

Chini ya meza Mathe ana boksi la bodi zilizokufa, analiita mochari. Akachagua maiti moja, akaipuliza kwa bloa ya moto, akanyofoa fyuzi ya aina ile kwa koleo nyembamba kama ya kutolea miba, akaipandikiza. Skrini ikawaka. Hela ya fyuzi na muda ikakatwa kwangu, haki yake. Usiku ule nikarudi nyumbani nikatafuta madaftari yangu ya chuo, yale niliyokuwa karibu kuyatupa, nikasoma sheria ya Ohm. Kwa mara ya kwanza ilikuwa inazungumzia kitu.

Kwa hiyo msinisome vibaya. Sisemi nadharia ni takataka. Watu wanaosema hivyo wengi wao hawana nadharia wala ufundi, wana simu tu. Nasema imewekwa mahali pasipo pake. Mtu akishachoma fyuzi ndipo atakapotaka kujua fyuzi ni nini, na akitaka kujua hutamzuia kwa kufuli. Sisi tunampa jibu miaka minne kabla ya swali, tena kwenye karatasi iliyofifia, halafu tunasema vijana siku hizi hawapendi kusoma.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike haya, maana kama ingekuwa ni daftari la mdogo wangu tu ningecheka nikalala.

Kuna shule moja ya kutwa, si mbali na jiji, iliyokuwa na kompyuta za mezani ishirini na mbili kwenye stoo. Zilikuwa zimeandikwa hazifai. Aliyeandika ni mtu mwenye stashahada aliyeitwa kuzikagua. Aliziwasha, zikakataa, akajaza fomu. Mlinzi wa pale ni jirani wa Mathe, akamwambia mwalimu mmoja, mwalimu akasema njooni mwangalie. Tulienda Jumamosi, mimi nimebeba begi. Tulifungua tisa za kwanza. Tatu zilikuwa zinapiga ule mlio wa kulalamika na hazionyeshi kitu. Mathe alichomoa RAM, akaomba kifutio cha penseli, akasugua meno yake ya shaba mpaka yakang'aa, akairudisha. Zikawaka. Mbili shida ilikuwa vumbi na feni. Moja iliwaka yenyewe ila ilidhani ni tarehe 1 Januari 2009, maana betri ya saa, ile ya duara kama sarafu, bei ya chai na chapati mbili, ilikuwa imekwisha. Hiyo ilikuwa inakataa kufungua tovuti yoyote: inaangalia vyeti vya usalama vya tovuti, inalinganisha na saa yake, inaona ni vya siku ambayo haijafika, inavikataa vyote. Tatu zilizobaki zilikuwa zimekwisha kweli, kapasita zimevimba vichwa kama maandazi. Zingefaa vipuri.

Sita kati ya tisa, kwa saa mbili na kifutio cha penseli.

Jumatatu ofisi ikauliza Mathe ana cheti gani. Hana. Alifika darasa la nane, akajifunza kwa redio, halafu televisheni, halafu simu, halafu hivi. Wakasema utaratibu hauruhusu mtu asiye na cheti kugusa mali ya umma. Zile sita zikarudishwa stoo na wenzake. Muhula uliofuata tulisikia zote ishirini na mbili zimeuzwa kwa wanunuzi wa vyuma, kwa kilo. Na shule ile inafundisha somo la Kompyuta. Ubaoni.

Najua kuna sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini, na mitihani ya ufundi ya NITA imekuwepo tangu zamani. Sawa, nimemhimiza Mathe aende. Lakini angalieni mwelekeo wa hiyo safari. Anayetakiwa kwenda kupimwa ni yule aliyefufua sita. Aliyeziandikia ishirini na mbili cheti cha kifo bila kufungua hata moja, hakuna anayempima tena mpaka astaafu.

Nikisema haya kwa watu wa shule huwa wananijibu mambo matatu, na la kwanza ni wizi. Wanafunzi wataiba RAM. Ni kweli, wataiba, kule kwetu iliibiwa na kipanya kikaibiwa juu yake. Lakini anayeiba RAM anajua RAM ni nini na inatoka wapi, ambayo ni zaidi ya walichojua wenzangu mia wa chuo. Andikeni namba, hesabuni kabla ya kengele, kama mnavyohesabu chupa za maabara ya kemia. Hatujawahi kufuta somo la Kemia kwa sababu mtu alitoka na asidi.

La pili ni hatari, na hapa sifanyi mzaha. Kile kisanduku cha umeme ndani ya kompyuta ya mezani hakifunguliwi na mwanafunzi, kwa sababu kapasita zake huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya. Skrini za zamani zile zenye mgongo, usiziguse ndani. Betri ya laptopu iliyovimba haidungwi, haibanwi, inatolewa nje ya chumba. Mambo haya yanafundishwa kwa nusu saa, na anayepaswa kuyajua kuliko wote ni mtoto wa mtaa ambaye atafungua redio ya nyumbani hata mkimkataza. Kumficha hakumlindi.

La tatu ni pesa, na hapo ndipo ninapokasirika. Mwaka 2013 tuliahidiwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zikageuka tableti, zikaanza kufika shuleni 2016, na ile ya shule ya mdogo wangu aliyokuwa anasoma wakati huo ilitolewa kwenye sanduku wageni walipokuja, ikarudishwa wageni walipoondoka. Nchi hii haikosi pesa ya vifaa. Inakosa ujasiri wa kuvifungua. Na darasa la vifaa vya kompyuta halihitaji hata kifaa kipya. Linahitaji maiti. Kompyuta ya mezani ya 2010 ndiyo mwalimu bora kuliko laptopu mpya nyembamba, kwa sababu kila kitu ndani yake kinachomoka: RAM, diski, prosesa, feni. Laptopu nyingi za sasa RAM imechomelewa kwenye bodi, unafungua unakuta ukuta. Kila mwaka zile mashine za zamani zinavyopungua ndivyo kitabu kinavyopotea.

Na ziko. Kila wizara, kila ofisi ya kaunti ina chumba kimejaa. Sheria ya mwaka 2015 ya ununuzi na uondoaji wa mali za umma inaruhusu taasisi ya umma kuhamishia mali isiyoitaka kwa taasisi nyingine ya umma, hata bila malipo. Shule ya umma ni taasisi ya umma. Hakuna bunge linalohitajika. Inahitajika barua moja na pikapu moja.

Waingereza, tunaopenda kunukuu mitaala yao, waliliona hili mapema. Raspberry Pi, ile bodi tupu isiyo na kasha waliyoanza kuiuza 2012, dola 35, ilibuniwa na watu wa Cambridge walioona kwamba vijana wanaokuja kusomea kompyuta wanapungua na hawajawahi kuchezea mashine vile watoto wa miaka ya themanini walivyochezea. Shida waliyoiona haikuwa upungufu wa vyeti. Ilikuwa upungufu wa kuchezea. Sisi hata hizo dola 35 hatuzihitaji, tuna mochari.

Ila nisiwapake mafuta watu wa Luthuli pia. Pale kuna mafundi wanaokugeuzia mgongo wakifika sehemu ngumu ya kazi ili usione. Kijana anaweza kukaa miaka miwili anafagia na kuitiwa soda za wateja, kwa sababu fundi anaogopa kesho atafungua kibanda mkabala. Kuna wanaobadilisha vitu bila kujua kwa nini, wakibahatisha, na mteja ndiye anayelipia kila bahati. Mimi nilimpata Mathe. Mwingine angempata yule wa pembeni, akatoka pale anajua kuchomoa tu. Ndiyo maana nataka darasa, sitaki kila mtoto akajaribu bahati yake ghorofani. Darasa lenye meza, mita kumi, bisibisi, boksi la maiti, na mtu kama Mathe analipwa kwa saa kusimama pale pamoja na mwalimu. Na mtihani wa mwisho uwe hivi: hii hapa imekufa, tuambie imekufaje. Kama inaweza kuamka, iamshe.

Nirudi kwa mdogo wangu. Jumamosi ya mwisho ya likizo nilimpeleka Luthuli. Mathe akampa kasha moja kutoka chini ya meza na bisibisi, akaendelea na kazi zake. Kijana alikaa na lile kasha asubuhi nzima. Akatoa feni. Akafuta ile dawa nyeupe iliyokauka juu ya prosesa kwa tishu, akainua kile kichuma cha pembeni, akakitoa kipande chenyewe, akakigeuza kwenye mwanga. Alikaa kimya muda mrefu kwa kijana wa umri wake.

"Ndiyo hii tu?" akaniuliza.

"Ndiyo hiyo."

"Na nikirudi shule, kwenye mtihani mshale niupeleke wapi?"

Sikumjibu, maana ni alama zake, si zangu. Mathe akamwambia aondoke nacho, kilikuwa kimekufa. Akarudi shuleni Jumapili na prosesa ndani ya kibati cha jometri, imefungwa kwa tishu.

Alhamisi mwalimu wake akanipigia simu. Nilijua nimeshtakiwa, nikaanza kupanga maneno ya kujitetea kabla hata hajamaliza salamu. Hakuwa na hasira. Alisema amefundisha somo hilo miaka sita na ndiyo mara yake ya kwanza kuishika moja mkononi. Halafu akashusha sauti, nadhani alikuwa kwenye ofisi ya walimu, akauliza kama tunazo nyingine, na kama yule mama anaweza kuja siku ya Ijumaa, saa za vilabu, wakati mwalimu mkuu huwa hayupo.